Kilo Sitini na Mbili za Mzee Kliki

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Mzee Kliki atafuta mikono kwa kile kitambaa chake cha bluu, atakitundika kwenye msumari ule ule, na kutoka gereji yetu baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Hiyo miezi miwili ameniagiza mwenyewe niitaje. Alianza kazi kabla paa halijaezekwa, na hataki mtu aisahau mvua iliyomnyeshea.

Mimi ni yule wa matairi. Benchi langu limetazamana na lake miaka ishirini na moja sasa. Meneja aliponipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa jarida letu, alisema usiwe mrefu na usiwalize watu. Hilo la kwanza nimejitahidi.

Alianza kama kijana wa kupaka grisi. Mwaka wa nane akahamia kwenye shokapu, zile zinazomeza mitikisiko ya gari, na hapo ndipo tulipompata hasa. Jina la Kliki limetokana na shokapu za kurekebishika, zile zenye kitufe kidogo cha kuzungusha, ambacho kila ukikisogeza kinalia kliki, na kila mlio unaikaza shokapu au kuilegeza kidogo. Sisi wengine tunahesabu kwa vidole. Yeye hufumba macho na kutega sikio, na ole wako uwashe kompresa wakati huo.

Wenye magari ya spoti walimjia kutoka mbali, karibu wote na shida moja. Gari ni la kwenda nalo kazini Jumatatu hadi Ijumaa, na siku moja moja linaingia kiwanja cha mbio. Je, lifungwe shokapu gani? Wengi walikuwa wameshajichagulia kabla hawajafika, na walichochagua ni zile ngumu kama gogo, zenye vitufe vitatu kila gurudumu. Mzee Kliki hakubishana na mteja. Alimpa kiti, akachukua fomu ya kazi, akauliza maswali matatu. Barabara ya kwenu ikoje, ina mashimo, ina matuta? Kwa mwaka unaingia kiwanjani siku ngapi? Na kiti cha pili anakaa nani?

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Anayekwenda kiwanjani siku sita kwa mwaka anaishi na gari hilo barabarani siku mia tatu na ushee, basi anunue kwa ajili ya hizo mia tatu. Achukue shokapu za kitufe kimoja, akaze kliki sita asubuhi ya mbio, azirudishe jioni kabla ya kushika njia ya nyumbani. Vitufe vitatu ni vya mwenye timu na kompyuta. Mtu aliye peke yake ataanza kuvizungusha na hatakumbuka alipoanzia. Wala asilishushe gari mpaka tairi likwangue bodi, eti lipendeze kwenye picha.

Daktari mmoja wa meno hakusikia la mtu. Akafungiwa alichokitaka, na wiki ya pili akarudi ameshika taya. Mzee Kliki hakucheka. Alimbadilishia, akamsindikiza hadi getini, akasubiri gari lipotee kwenye kona, ndipo alipokuja kwangu, akaegemea rundo la matairi na kucheka mpaka miwani ikamvuka. Siku hiyo hatukufanya kazi ya maana tena.

Swali la kiti cha pili lilitoka nyumbani kwake. Mkewe, ambaye gereji nzima tulimwita Shemeji, alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Kila Jumamosi alikuja kupanda kiti cha pili cha gari lililokamilika wiki hiyo, kikombe cha chai mkononi, wakapita barabara ya nyuma yenye matuta matano na lami iliyochakaa. Chai ikimwagika, Shemeji alisahihisha fomu kwa kalamu nyekundu, kama anavyosahihisha daftari la mtoto: nne kwa kumi, rudia. Siku njema alitoa nane na nusu. Kumi hakuwahi kutoa, kwa maelezo kwamba mwanafunzi akishapewa kumi anaacha kusoma.

Shemeji alifariki miaka tisa iliyopita. Mzee Kliki alirudi kazini siku ya kumi na mbili, akasalimia kama kawaida, na Jumamosi tukamwona akifunga mkanda wa kiti cha pili juu ya mfuko wa mchanga. Tulijua ni uzito wa kupimia, maana gari lenye dereva peke yake hukaa tofauti na lenye watu wawili. Hilo fundi yeyote analijua. Hatukuuliza zaidi. Ndivyo tulivyo hapa, tunaweza kujadili bushi iliyokatika kutwa nzima, lakini mwenzetu akinyamaza na sisi tunanyamaza.

Sasa niseme la kwangu. Miaka miwili iliyopita nilimwaga ndoo ya oili chafu mlangoni, na mteja alikuwa njiani. Nikauona ule mfuko, nikaufungua, nikamwaga mchanga wote juu ya oili, nikafagia na kutupa. Nilijiona mjanja kweli kweli. Mzee Kliki alipotoka kula alisimama akiutazama mfuko mtupu, wala hakunigombeza. Alichukua koleo, akaenda kwa mafundi ujenzi wa jirani kuomba mchanga, akajaza, akauweka mfuko kwenye mizani. Akatoa kiganja kimoja. Akapima, akarudisha nusu kiganja. Nikamtania kwamba kilo mbili zikizidi au zikipungua shokapu haiwezi kujua.

"Mimi nitajua," alijibu bila kugeuka. Nikacheka, nikaendelea na matairi yangu.

Mwezi uliopita, nikitafuta tarehe za kuandika humu, nilifungua kabati la fomu za zamani. Chini ya kila fomu kuna nafasi ya kujaza uzito wa dereva na wa abiria. Zile zote zenye wino mwekundu zimeandikwa abiria kilo sitini na mbili. Niliubeba mfuko wa mchanga hadi kwenye mizani, nikasoma namba ile ile, kisha nikakaa juu ya tairi la lori. Simu ya ofisini iliita mpaka ikachoka. Miaka tisa mtu amekuwa akimfunga mkanda mkewe mbele yetu, na mimi nilikuwa nimemfagia na kumtupa jalalani.

Wengi mnalijua gari lake la kijivu la milango miwili, lililofunikwa turubai kwenye kona ya nyuma. Walilinunua yeye na Shemeji likiwa bovu, walitengeneze kwa ajili ya siku za kustaafu: siku chache za kiwanjani, na nyingine zote za kutembea tu popote wanapojisikia. Shokapu zake alizichagua zamani, za kitufe kimoja bila shaka, zikakaa kwenye boksi miaka yote hii. Wiki iliyopita hatimaye alizifunga, kwa kuwa gari lazima liondoke naye. Akajaza fomu kama anavyomjazia mteja yeyote, akaniletea nipange magurudumu na kutia sahihi. Barabara: ina mashimo. Siku za kiwanjani: zitakazopatikana. Abiria: hakuna, kilo sifuri.

Sikuitia sahihi. Fomu ilikaa kwenye droo yangu wiki nzima, na kila akiiulizia nilisema mashine ya kupangia magurudumu inasumbua. Mashine ni nzima. Nilishindwa kuliachia gari lile litoke hapa likiwa limepangwa kwa ajili ya mtu mmoja, aende nalo kwenye nyumba ambayo meza ina viti vinne na sahani moja. Nimefika kwake mara tatu katika miaka tisa. Naona haya kuiandika namba hiyo, lakini yeye ametufundisha kuandika namba kama zilivyo.

Amefundisha mafundi kumi na mmoja, na watatu kati yao wana gereji zao ila bado wanampigia simu kabla ya kufungua boksi. Hajawahi kuchelewa, isipokuwa asubuhi ile alipotoka kulala kwenye benchi ya hospitali, Shemeji akiwa amelazwa. Kwa miaka yote hiyo hakuna gari lake lililorudi kwa kosa la kazi yake.

Mzee Kliki, wafanyakazi wote tunakushukuru kwa mikono yako na kwa sikio lako. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na lami iliyonyooka. Mfuko wa mchanga haumo kwenye orodha ya mali ya gereji. Ni wako, ukiuchukua sawa, ukiuacha hapa hakuna atakayeugusa. Kwa ule mchanga wa kwanza, nisamehe, kaka.

Fomu yako nimeitia sahihi leo asubuhi, baada ya kufuta mstari mmoja na kuuandika upya. Abiria: fundi matairi, kilo themanini na nne, kuanzia Jumamosi tarehe 1 Julai, saa nne asubuhi. Itabidi uongeze kliki mbili upande wangu. Chai nitakuja nayo, kalamu nyekundu nimeshanunua, na kumi usiitegemee.