Fundi Kalenda na Tangazo la Usaili

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Fundi Kalenda, kama tulivyozoea kumwita, anastaafu tarehe 30 Juni.

Alianza kama karani wa masjala, akajifunza kompyuta mwenyewe, kisha akaunda programu ambayo hadi leo inageuza faili zetu za maandishi kuwa kurasa za tovuti. Kwa miaka mingi programu hiyo ilikubali tarehe za mtindo mmoja tu: mwaka, mwezi, siku. Ukienda kinyume, inagoma. Tulinung'unika sana. Mkewe aliwahi kutuambia kwamba hata barua za uchumba zilimfikia hivyo hivyo, mwaka mbele.

Mwishowe Fundi alisalimu amri. Kwa wiki tatu aliifundisha programu kusoma mitindo yote, ya wanaotanguliza siku na ya wanaotanguliza mwezi. Sharti lake lilikuwa moja: kila mtu ataje juu ya faili yake mtindo anaoutumia. Asiyetaja, programu itachukulia kwamba ametanguliza mwezi. Alibandika maelekezo kwenye kila meza. Ya kwangu niliyafanya pa kuwekea kikombe cha chai.

Miaka tisa iliyopita tulitangaza usaili wa chuo kwa watoto wa wafanyakazi. Faili iliandikwa 8/7, yaani tarehe nane Julai. Tovuti ikatangaza tarehe saba Agosti. Binti wa mama anayefagia ofisi zetu alifika siku hiyo na viatu vipya, akakuta mlango umefungwa; usaili ulikuwa umepita karibu mwezi mzima. Nafasi ile hakuipata tena.

Fundi aliitwa mbele ya kamati. Alisema programu ni yake, na lawama ni yake. Akavuliwa ukuu wa kitengo.

Faili ile niliiandika mimi, na mtindo sikuutaja. Fundi alijua, kwa kuwa kila faili hubeba jina la mwandishi. Hakunitaja, wala hakunibadilikia. Kila asubuhi aliniuliza hali ya wanangu. Nami nilijiambia yaliyopita si ndwele, huku roho ikinisuta.

Juzi nilimwandikia mkurugenzi ukweli wote, kisha nikamwendea mama yule. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema nimechelewa, akaendelea kufagia.

Kaka Fundi, asante kwa kazi yako na kwa kunisitiri. Nenda na shemeji mkale matunda ya jasho lenu kwa afya na furaha. Nisamehe, ukiweza.