Bi. Pam Adoyo na Benchi la Keumbu

Ijumaa tarehe 31 Desemba 1999, Bi. Pam Adoyo atafunga droo ya meza yake, atamkabidhi Bwana Dev ufunguo, na kustaafu baada ya kuitumikia Chandulal na Wana, wauzaji wa vifaa vya ofisi mjini Kisii, kwa miaka thelathini na moja. Wateja wetu wanahofu kwamba usiku huohuo kompyuta zote zitachanganyikiwa zikiuona mwaka 2000. Yeye anasema zikichanganyikiwa zitamkuta ameshastaafu, kwa hiyo wamwulize mtu mwingine. Mtu mwingine huyo ni mimi.

Naitwa Bitutu Nyamongo. Nimefanya kazi chini yake tangu 1994, na kamati ya sherehe imenipa heshima ya kuandika wasifu huu. Nilipomwuliza Mama Adoyo angependa niseme nini, alinijibu kwamba niandike yote pamoja na habari za Keumbu, la sivyo niandike jina na tarehe tu niishie hapo. Wengi wenu hamzijui habari za Keumbu. Bila hizo siwezi kuwaeleza huyu mama ni nani.

Alizaliwa mwaka 1944 karibu na Kendu Bay, akasomea uhazili Kisumu, na mwaka 1968 Mzee Chandulal akamwajiri kama mpiga chapa. Kazi yake haikukaa muda mrefu kwenye barua za duka. Kila mtu aliyenunua taipureta alihitaji karani wake afundishwe kuitumia, na Adoyo ndiye aliyekuwa na subira hiyo. Mzee Chandulal alipenda kusema kwamba watu hununua mashine kwake lakini hurudi kwa Adoyo. Nusu ya makarani wenye umri wa kuitwa baba na mama katika mji huu walivifunza vidole vyao kupiga chapa mbele ya macho yake, na akikutana nao sokoni bado hutazama kama kucha wamekata.

Mwaka 1992 Bwana Dev, mwana wa Mzee Chandulal, alileta kompyuta za kwanza pamoja na programu ya kuweka hesabu ya bidhaa na mauzo. Alihitaji mtu wa kwenda kwa mteja, kuipanga programu ilingane na biashara yake, na kukaa na wafanyakazi hadi waizoee. Vijana wenye vyeti walikuwa Nairobi na hawakuwa na haja ya mvua zetu za kila alasiri. Mama Adoyo, akiwa na miaka arobaini na minane, aliinua mkono. Bwana Dev alidhani anatania. Hakuwa akitania, naye akapelekwa Nairobi kwa mafunzo, akaketi darasani na watoto wenye umri wa kitinda mimba wake.

Alirudi na cheo kipya, mshauri wa programu za biashara, na somo moja lililokuwa limemwingia sana. Alikuwa amefundishwa kwamba mbele ya kompyuta hakuna tajiri wala karani, hakuna mzee wala kijana. Kuna mtumiaji tu. Alilipenda neno hilo, akalibeba hadi kwa mteja wake wa kwanza, Mzee Ogari, mwenye duka la jumla pale Keumbu kando ya barabara kuu.

Mzee Ogari ni baba mkwe wangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa na mwanawe Nyamongo ambaye kazi yake ilikuwa Nakuru, na nilikuwa ninaandika mizigo inayoingia na kutoka pale dukani. Kwa mke mgeni katika boma, ile kazi ilikuwa kila kitu. Ilikuwa ndiyo njia yangu ya kuonekana kwamba nilisoma na kwamba masomo hayo yana faida. Nilipoambiwa nimechaguliwa kujifunza kompyuta, nilifurahi hata nikaogopa.

Mashine iliwekwa katika chumba kidogo cha nyuma chenye meza moja na benchi moja. Mama Adoyo aliamua kwamba Mzee asome karatasi za mizigo, mimi nipige, na sote wawili tuutazame uso wa mashine kwa pamoja ili kosa lionekane mapema. Jioni Mzee angebonyeza mwenyewe kitufe cha kufunga siku, juu ya kibodi ileile niliyokuwa nimeishika. Kwa hiyo akatuketisha kwenye lile benchi, bega kwa bega.

Wenzetu msio Wagusii niwaeleze. Kwetu kuna chinsoni, yaani heshima ya kuoneana haya. Mkaza mwana na baba mkwe hawagusani hata mikono, hawakai kiti kimoja, na chumba kidogo mmoja akiwemo mwingine hutafuta njia ya kutoka. Na jambo lenyewe halisemwi, kwa sababu kulitaja mbele ya mkwe ni kulivunja. Basi hakuna aliyesema. Mimi nilikaa kwenye ncha ya benchi, nusu hewani. Mzee alisimama mlangoni, akageuza uso barabarani na kuzisoma karatasi zake kwa malori yanayopita. Nilichosikia nilikipiga, nisichosikia nilikikisia. Sukari iliingia kwa jina la sabuni, na saruji siku moja ikaandikwa kwa debe. Mama Adoyo aliona karani mzito na mzee asiyesikia vizuri, akatibu ugonjwa huo kwa kuisukuma ncha ya benchi hadi ukutani ili tubanane.

Mambo yalipozidi kuharibika, aliandika ripoti kwa Mzee Ogari na kwa Bwana Dev kwamba mtumiaji hawezi kufundishika, na akashauri atafutwe mwingine. Mzee alilipokea shauri hilo kama mtu aliyefunguliwa kamba. Maneno yake nililetewa na mama mkwe, “Huyu mtoto ni muzuri lakini hii kitu imemshinda. Wacha arudi nyumbani asaidie mama yake kuchuma majani.”

Nilirudi nyumbani Nyacheki, kwenye boma la wakwe zangu. Niliumia, na sina sababu ya kulificha hilo leo. Kwenye kituo cha kununulia majani chai watu walijua kisa kabla sijafika, na vijana wakanipa jina la Kompyuta. Mtu akikosea kufunga kikapu waliuliza kama naye alisoma na Kompyuta. Nyamongo aliandika kutoka Nakuru kunipa pole, lakini hata yeye aliamini kwamba nilishindwa.

Mahali pangu palichukuliwa na Ondieki, binamu wa mume wangu. Hapo ndipo kazi ya Mama Adoyo ilipoanza kwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Mzee aliketi kwenye benchi. Alicheka, akasoma taratibu, akampiga Ondieki bega alipokosea. Programu ilikubali, Bwana Dev alifurahi, na wateja wawili wa Nyamira waliomba waletewe kama hiyo. Mtu mwingine angemshukuru Mungu na kuendelea na safari.

Yeye alianza kujiuliza ni vipi masikio ya Mzee Ogari yamepona ghafla. Alilitazama lile benchi, akawatazama wanaume wawili waliolikalia, na kwa maneno yake mwenyewe, akaona aibu hadi miguuni. Yeye pia ameolewa. Katika miaka yake ya kwanza ya ndoa hakuthubutu kula mbele ya baba wa mumewe. Alilijua jambo hili maisha yake yote, ila aliliacha nje ya mlango wa ofisi kwa sababu Nairobi walimwambia ndani kuna mtumiaji tu.

Siku iliyofuata alipanda hadi Nyacheki, akanikuta shambani na kikapu mgongoni. Hakuzunguka. “Bitutu, ni mimi nilikosa,” alisema. “Nilikuketisha na baba mkwe wako, halafu nikaandika huwezi. Mimi pia ni mke wa watu. Ningejua.”

Nilimjibu kwa ukali ambao sikujua ninao. “Mama, hapa wananiita Kompyuta. Hao utawaambia nini?”

Aliweka mkoba wake chini, akaingia kwenye mstari wa pili, akachuma pamoja nami kwa viatu vyake vya ofisi. Alichuma vibaya, majani makubwa yaliyokomaa, na nikalazimika kuyachambua. Tulipofika kituoni alisimama karibu na mizani, watu wakamkodolea macho, akasema kwa sauti ya kawaida, “Nimekuja kuwaambia neno moja. Huyu hakushindwa na kompyuta. Mimi ndiye mwalimu wake, na mimi ndiye nilishindwa kumfundisha.”

Mtu mmoja alimwuliza alishindwaje. Angeweza kulitaja benchi, na kila mtu pale angeelewa mara moja na kumsamehe. Lakini kulitaja kungekuwa kumweka Mzee Ogari uchi mbele ya majirani zake. Alisema tu kwamba alikuwa mgeni katika kazi na alikuwa na haraka. Alilibeba kosa zima mwenyewe, akashuka nalo. Jambo la benchi alimweleza mama mkwe wangu peke yake, wakiwa jikoni, naye akajua namna ya kulifikisha kwa mumewe.

Mjini hakupokewa kwa shangwe. Aliiondoa ripoti yake na kumwambia Bwana Dev kwamba ilikuwa ya uongo, ingawa hakukusudia uongo. Bwana Dev, ambaye ameniruhusu kuyaandika haya, aliona kwamba mshauri anayekwenda kituo cha majani kutangaza kuwa ameshindwa hatauza kompyuta nyingi. Alimrudisha kwenye meza ya taipureta, na wateja wa Nyamira wakapewa mtaalamu mwingine. Nami sikurudi Keumbu. Ondieki hakuwa amemkosea mtu, na Mama Adoyo alikataa kabisa atolewe kwa ajili yangu.

Zaidi ya mwaka alibadilisha riboni na kunyoosha herufi zilizopinda. Jumamosi mchana nilishuka mjini, na duka likifungwa alinifundisha kwenye mashine ya maonyesho, na umeme ukipotea tuliendelea kwenye kibodi aliyoichora juu ya katoni ya sabuni. Hakuwahi kuniahidi kazi. Alisema tu kwamba somo lililoachwa katikati linamnyima usingizi.

Kilichomrudisha ni wake wawili wa mwenye duka la dawa za mifugo Nyamira. Mtaalamu aliyepelekwa huko aliwapa jina moja la kuingilia kwenye programu na neno moja la siri, na kwa kuwa kila mmoja aliona kazi yake ikihesabiwa kuwa ya mwenzake, wote wawili waligoma. Mashine ikafunikwa kwa kitambaa cha kufuma, juu yake ikawekwa picha ya harusi. Mama Adoyo alikuwa amekwenda kutengeneza taipureta tu. Alikunywa chai kwa mke mkubwa, akanywa tena kwa mke mdogo, akampa kila mmoja jina lake, la mkubwa likitangulia. Picha ya harusi ilirudi ukutani.

Bwana Dev alimwita ofisini mwaka 1994 na kumwomba arudi kwenye ushauri. Alikubali kwa sharti kwamba msaidizi wake niwe mimi. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kampuni hii, na hivyo ndivyo kazi yake ya pili ilivyoanza kwa mara ya pili.

Tangu hapo, siku ya kwanza kwa mteja hafungui sanduku. Huketi, hukubali chai, na kuuliza nani hula na nani, nani hutoka nani akiingia, nani haitwi kwa jina. Vijana wetu wapya humcheka, kisha huanza kumwiga. Kuanzia Nyamache hadi Nyamira mjini kuna maduka, maghala na ofisi zinazofanya kazi kwa mpango wake, na anajua pia ni wapi radi hupiga kwanza, kwa hiyo alasiri hupiga simu kuwakumbusha watu wachomoe nyaya.

Keumbu amekwenda mwenyewe miaka yote hii, ili mimi na Mzee tusitiriwe. Mwezi uliopita alikwenda kumuaga. Jioni hiyo mama mkwe alinijia nyumbani na ujumbe. Mzee alikuwa amesema hivi, “Mwambie mwalimu, Januari akuje mwenyewe kuangalia mashine. Hiyo siku mimi nitakuwa huko nje kwa mizani.” Katika miaka yote ya ndoa yangu, alikuwa hajawahi kuniita mwalimu. Niliomba nirudiwe maneno hayo, na mama mkwe akayarudia.

Mama Adoyo, kwa niaba ya Mzee Chandulal, Bwana Dev na wafanyakazi wote, tunakushukuru kwa miaka uliyotupa. Tunakuombea afya, shamba lenye rutuba huko Kendu Bay, wajukuu wasiokuchosha, na alasiri ambazo radi ikipiga hutakuwa na waya wa mtu wa kuuwazia. Mimi nina shukrani yangu ya pembeni. Kazi ilikuwa inaendelea vizuri, hakuna aliyelalamika, hakuna aliyekutuma, nawe ukapanda Nyacheki.