Doa Jeupe Kando ya Bwawa

Sogezeni viti, wasikilizaji wapendwa. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto kwanza, maana leo sitaki mtu aniondokee katikati. Tunamkumbuka mtu ambaye picha zake mmeziona. Msinibishie, mmeziona. Kwenye kalenda, kwenye kumbi za hoteli, kwenye foleni ya daktari. Ile bustani yenye bwawa la mstatili, ukuta mrefu wa mawe, na kitu cheupe kama mvuke wa birika kimesimama kando ya ukuta. Ehe, hiyo hiyo.

Aliyeipiga picha ile amefariki Jumatano iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake. Alikuwa na miaka sabini na moja. Kwa miaka arobaini na moja kazi yake ilikuwa kusafiri na kamera: mabonde, misitu, mashamba ya maua, na zaidi ya yote bustani, zile zilizopangwa na binadamu kwa kamba na rula. Walinzi na watunza bustani hawakulijua jina lake. Walimwita Bwana Subiri, kwa sababu ndilo neno alilolisema kutwa nzima. Subiri wingu lipite. Subiri upepo utulie.

Nilimjua, na sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: hakuwa mtu rahisi. Nilipomkaribisha studio mara ya kwanza alitumia robo ya kipindi kunieleza kwamba maua niliyoweka mezani ni ya plastiki. Kana kwamba mimi niliyeyanunua sijui! Lakini mkimwuliza habari za kazi yake, uso ulimchanua, akawa mtoto.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Bwana Subiri hakutaka mtu kwenye picha zake. Hata mmoja. "Mtu akiingia," alikuwa akisema, "macho yote yanamkimbilia yeye, mti unabaki yatima." Lakini bustani za watu zina watu. Wewe ungefanyaje? Ungewafukuza, mngegombana. Yeye hakumfukuza mtu. Aliweka kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, akajifunika kitambaa, akaiacha kamera wazi dakika nne nzima. Mti umesimama, unaingia kwenye picha. Ukuta umesimama, unaingia. Mtu anayetembea hana nafasi ya kuingia, anapita tu na kupotea. Narudia, maana habari yote iko hapo: kinachosimama kinaonekana, kinachotembea kinapotea.

Kitambaa kile cheusi alishonewa na mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mama mcheshi, asiyejua kukaa. Safari ikipatikana alifunika cherehani, akabeba kikapu, wakaondoka wote. Na mume akishaingia ndani ya kitambaa, mke anaingia ndani ya picha. Makusudi kabisa! Anapita mbele ya kamera, ananusa waridi, anapiga soga na watunza bustani, anaomba vipandikizi vya kwenda kuotesha nyumbani. Alijua hataonekana. Kamera ikifungwa anarudi anacheka.

"Nimo humo," anasema. "Nitafute."

"Humo hamna mtu," mumewe anajibu.

"Nimo, bwana wee."

Utani wao ulikuwa huo, miaka thelathini na miwili. Sijui kama mnaliona jambo lenyewe. Kila bustani aliyoipiga yule bwana, mkewe anatembea ndani yake. Na hayupo.

Tuje kwenye ile picha ya bwawa. Walikuwa kwenye bustani moja ya zamani, mlimani, mawingu hayaachii. Walisubiri siku tisa. Siku ya tisa, asubuhi, jua likatoka kidogo, likagusa maji. Akafungua kamera, akahesabu dakika zake nne kwa saa ya mkononi. Nyumbani, alipoisafisha filamu, akakuta doa jeupe kando ya bwawa, karibu na ukuta. Limesimama wima, urefu wa mtu. Alikasirika hadi akagonga meza. Akasema ni dawa ya kusafishia imemharibia, siku tisa zimekwenda na maji.

Alitaka kuichoma. Mchapishaji wake akaing'ang'ania. "Doa hilo ndilo picha yenyewe," alimwambia. Wakaiweka kwenye jalada la kitabu, na kitabu kikamtoa kimasomaso. Mkewe alipoletewa nakala ya kwanza aliitazama muda mrefu kidogo, kisha akacheka. "Doa lako linapendwa kuliko wewe," akasema, akarudi kwenye cherehani.

Miezi minane tangu siku ile ya bwawa, mkewe alianguka palepale kwenye cherehani, kitambaa cha mteja kikiwa bado chini ya sindano. Moyo. Daktari akasema moyo huo ulikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, pengine mwaka mzima. Nyumbani hakuna aliyejua. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, naye ni muuguzi. Hebu pateni picha ya uchungu wake.

"Mimi nawapima watu presha kutwa," aliniambia juzi, "halafu mama yangu anaumwa chumba cha pili, mimi namwuliza kama kuna chai."

Ikatakiwa picha ya marehemu. Wakafungua maboksi. Wasikilizaji wapendwa, mle ndani kulikuwa na maelfu ya picha. Mitende, vidimbwi, ngazi za mawe, vichochoro vya maua. Wakapekua tangu asubuhi hadi jua linatua. Hakuna hata moja ya mama. Mwishowe wakakuza ile ya kitambulisho, ile ambayo kila mmoja wetu anaonekana kama amekamatwa. Binti akamgeukia baba yake mbele ya shangazi zake wote.

"Baba, umepiga kila mti wa dunia hii. Mama yangu yuko wapi?"

Tangu siku hiyo mzee alikuwa na kazi moja tu: kumtafuta mkewe kwenye picha.

Alizitundika nyumba nzima. Sebuleni, koridoni, mpaka ukuta wa jikoni juu ya kabati la vyombo. Bustani juu ya bustani, zote tupu. Anapita na kioo cha kukuzia, anaweka kidole kwenye kijia cha kokoto. "Hapa alipita." Kidole kwenye ngazi. "Hapa alikuwa anashuka, amebeba kikapu." Binti akija kumtembelea anamkuta amesimama mbele ya ukuta, anaongea. Anauliza jambo, anatulia kusikiliza, anaitikia.

"Niliogopa," binti anasema. "Nilikuwa naogopa zile bustani. Unajua mtu akiwa amejificha unavyomhisi? Nyumba nzima ilikuwa hivyo. Baba alikuwa anaosha kikombe mara anageuka ghafla, anasema, 'Umesikia? Amesema nimo.' Na mimi, Mungu anisamehe, kuna siku nilidhani nimesikia."

Mwisho wa yote akafika kwenye lile doa. Akalikuza mpaka likajaa karatasi nzima. Akamwita binti.

"Huyu ni mama yako."

"Baba, hiyo ni dawa. Wewe mwenyewe ulisema."

"Dawa ina mabega?"

Binti akatazama. Akasema haoni kitu. Lakini kabla hajakaa kunywa chai yake aliigeuza picha ile ikatazama ukutani.

Sasa, akili ya Bwana Subiri ilikuwa haijaenda popote, msidhani. Alijua kazi yake. Alijua kwamba ili mtu aonekane kwenye picha ya dakika nne, hata kwa kufifia namna ile, lazima awe amesimama. Amesimama kabisa, dakika mbili, tatu. Na mkewe hakuwahi kusimama. Miaka thelathini na miwili hakusimama mbele ya kamera ile hata sekunde kumi. Kwa nini siku ile alisimama? Swali hilo lilimla miezi mingi. Alikonda. Akaacha kunyoa. Akiwa na miaka sitini na mitano akaitia picha kwenye mkoba, akarudi mlimani peke yake.

Alimkuta fundi wa kukata ua wa miti, yuleyule wa zile siku tisa, waliyemwita Mkasi. Mkasi alimwona kwa mbali akachangamka.

"Bwana Subiri! Karibu tena! Mama yuko wapi leo? Nimemwekea kipandikizi chake."

"Mama alitutoka, ndugu yangu. Mwaka wa tatu huu."

Mkasi akakaa chini, juu ya toroli lake, mkasi mkononi. "Kumbe kweli," akasema.

"Kumbe kweli nini?"

Bwana Subiri akaitoa picha kwenye mkoba, akaiweka magotini pa Mkasi, akagusa doa. Mkasi hakuitazama hata mara mbili.

"Ndiyo," akasema. "Ni pale. Alikuwa anakuja kwangu. Alipofika ukutani akasimama. Mkono mmoja ukutani, mmoja hapa kifuani. Nikamkimbilia. Asubuhi ile ilikuwa na baridi, lakini yeye jasho lilikuwa linamtiririka. Nikamwambia, mama, ngoja nimwite mzee. Akanikatalia. Akasema, 'Usimwite. Siku tisa anasubiri jua hili. Akiniona hivi atafunga kamera.' Akanituma maji. Nikaenda mbio bombani. Kurudi, yupo palepale, hajasogea hata hatua."

"Alisimama muda gani?"

"Mpaka ulipotoa kichwa kwenye kitambaa. Hapo akajifuta uso kwa mtandio, akaja kwako anacheka. Akaniapisha nisiseme. Nisamehe, bwana."

Wasikilizaji wapendwa.

Hatua ishirini. Alikuwa hatua ishirini kutoka kwa mkewe, anaitazama saa. Kamera ilimwona. Yeye hakumwona. Na lile doa walilolisifu watu wote, mimi nikiwemo, na nililisifu hapahapa hewani, nikasema lina siri, lina utulivu, lilikuwa ni mwanamke ameshika ukuta asianguke. Na mwenyewe alijua. Aliletewa kitabu, akajiona, akafanya utani, akarudi kushona.

Mzee alirudi nyumbani akamwambia binti kila kitu. Binti hakulia. Alipandwa na hasira. Alimkasirikia baba yake, akamkasirikia mama, na akamtamkia baba maneno ambayo anasema angekuwa na uwezo angeyameza. Mzee aliyapokea yote, kichwa chini. Halafu binti akakumbuka jambo jingine.

"Picha ile imetundikwa hospitalini kwetu," aliniambia. "Koridoni, nje ya chumba cha kupimia. Waliitundika mama akiwa hai. Kila asubuhi nilipita chini ya mama yangu anaumwa, nikawahi zamu."

Alitaka itolewe. Baba akamwomba asiitoe. Hakupiga picha tena tangu siku hiyo, kamera akaifunika. Asubuhi iliyofuata akavaa shati safi, akaenda hospitalini, akakaa kwenye benchi chini ya ile picha. Kesho yake tena. Miaka sita, wasikilizaji wapendwa, miaka sita! Alikaa pale, akitazama watu. Mtu akiegemea ukuta, mtu akijishika kifua au tumbo huku anamwambia mwenzake "niko sawa, twende", mzee ameshainuka. "Kaa hapa. Inauma wapi?" Halafu anapaza sauti kuita wauguzi, kwa fujo zake zile nilizowaambia, mpaka mtu anakuja. Walimchoka, nawaambieni ukweli. Kuna dada wa mapokezi alikuwa akimwona anaingia anasema, "Haya, bosi kafika." Lakini dada huyohuyo ndiye aliyelia kuliko wote Jumatano.

Nilimuuliza kwenye benchi lile kama bado anamsikia mkewe akisema nimo. Akasema, "Kila siku. Ila sasa simtafuti kwenye karatasi."

Kwa niaba ya redio hii natoa pole. Pole kwa binti yake, muuguzi, aliyebaki bila baba na bila mama. Pole kwa shangazi, kwa wajukuu, kwa Mkasi kule mlimani, na kwa wote wa koridoni. Mola ampumzishe, na awakutanishe wale wawili mahali ambapo hakuna kufichana. Nanyi mnaonisikiliza, mnao watu wenu wanaocheka sana. Wale wa "mimi sina neno, endelea na kazi yako". Leo mwangalieni mmoja wao vizuri, halafu mwulizeni, na msikubali jibu la kwanza.

Binti ameniomba nimalizie na asubuhi ile ya Jumatano, kwa maneno yake mwenyewe. Nayasoma alivyoyaandika.

"Nililala kwa baba usiku ule. Asubuhi nilikuwa nimeshavaa sare, nimeshika mlango. Baba akaniita. Nikadhani anataka maji. Akasema, 'Mwanangu, inauma, na ninaogopa. Usiende.' Nilipiga simu kazini nikawaambia siji. Nilivua viatu nikapanda kitandani, nikamlaza kichwa hapa begani kwangu kama mtoto. Akanieleza inauma wapi, kila ilipohama alinieleza, mpaka ilipoacha kuuma."