Dawa ya Kukomaza Marumaru

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa vidole viwili. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la Bernadeta muuza kahawa, hapa Mkuyuni, Mwanza, kikombe cha kahawa mkononi. Ng'ambo ya barabara mke wangu Kokulinda alikuwa amesimama mahali pake, kwenye kaunta ya mapokezi ya zahanati iliyo sehemu ya chini ya ghorofa la familia ya Jitesh. Mlango wa jengo lile ni kioo kutoka juu hadi chini, kwa hiyo siku zote tulionana bila kusikiana. Akainua vidole viwili, maana yake kashata mbili za karanga. Nikainua kikombe, maana yake nimeona. Nilipovuka na kashata zangu kwenye karatasi, watu walikuwa wamemzunguka na daktari ameshapiga magoti. Ni moyo, walisema baadaye. Tulimzika kwetu Muleba. Niliporudi kijiweni baada ya msiba, nilikuta wenzangu wote wamejibana kwenye benchi linalotazama barabara, wameniachia peke yangu lile la pili, linalolipa jengo mgongo. Nikakaa. Tangu siku hiyo naja kila siku, na barabara ile sijaivuka.

Jumamosi moja mafundi wa sakafu waliingia kwenye jengo. Wagonjwa wakaelekezwa mlango wa nyuma, utepe ukafungwa mbele, na kuanzia asubuhi tukasikia mashine ikinguruma. Mimi niliisikia tu. Wenzangu waliiona, na walichokiona kiliwafanya wasahau kupuliza kahawa.

— Gramu, yule jamaa anatembea juu ya maji! akasema VAR.

Gramu ni mimi. Nilifundisha kemia chuo cha ualimu Butimba mpaka nikastaafu, na siku moja niliwaambia hapa kwamba "kiasi" si kipimo. Jina likanishika. VAR, tuliyempa jina la ile video ya waamuzi, anaitwa Chenge, anachezesha mechi za mchangani Kirumba, na hajawahi kukubali kwamba alikosea kupuliza filimbi.

— Jamaa gani? nikauliza.

— Fundi. Namuona yeye juu, halafu namuona mwenzake chini, kichwa kimening'inia. Wamegusana nyayo. Huyu akienda, na yule anaenda.

— Tailizi hizo, akasema Ngosha. Wamebandika tailizi mpya.

Ngosha ananunua samaki Mwaloni na kuwapeleka hotelini. Anapokuja kijiweni hukaa mwisho wa benchi upande unakoelekea upepo, kwa hiari yake.

— Tailizi za wapi? akadakia VAR. Toka asubuhi umeona mtu anabandua kitu? Ni jiwe lilelile. Marumaru.

— Si ndiyo nasema, malumalu.

— Marumaru, Ngosha! Ulimi wako unateleza kuliko hiyo sakafu.

— Na macho yako yanateleza kila mtu akiotea. Endelea kutangaza.

Ramesh akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Yeye anauza miwani kwenye duka la pembeni la jengo lile, na siku hiyo alikuwa amefungiwa nje kwa sababu ya kazi.

— Ni lenyewe, akasema. Mimi nilikuwa mtoto jiwe lile liliposhushwa kwenye treni. Nilikuwa nalala juu yake kifudifudi wakati wa joto, mama ananipiga na kandambili. Lilikuwa jeupe kama maziwa, lina mishipa ya kijivu. Mishipa hiyo sijaiona tangu nimeanza kunyoa ndevu. Leo naiona kutoka hapa!

— Unaiona na miwani au bila miwani? VAR akauliza.

— Bila.

Ramesh akavua tena miwani kuthibitisha. Wote watatu wakakaza macho ng'ambo. Mimi niliwatazama wao, kwa kuwa ndio niliokuwa nao mbele. Sijawahi kuona wanaume wazima wakitazama sakafu hivyo. Walikuwa na nyuso za watu waliofika kanisani wakakuta maharusi wameshaingia.

Bernadeta akamimina kahawa. Ni Mhaya mwenzangu, na kahawa anaikaanga mwenyewe kwa mkaa.

— Kuna dawa wanapulizia, akasema. Nimemuona yule dada wao. Anapulizia kidogo tu, kama anayepiga pasi nguo ya shule. Halafu mashine inapita na stiliwaya.

— Stiliwaya ya kusugulia masufuria?

— Hiyohiyo, ila pana. Inazunguka mpaka moshi unatoka.

— Moshi? Ngosha akasimama. Basi nimejua. Hayo ni mabondo.

— Mabondo!

— Jamani, si kila siku tunaulizana Wachina wanayapeleka wapi mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni? Mnasema supu, mnasema dawa ya nguvu. Mabondo yote ya ziwa hili yanaliwa na nani? Wanayachemsha, yanakuwa gundi, gundi inakuwa dawa ya sakafu. Sisi tunakula minofu, sakafu za dunia zinakula mabondo.

— Kwa hiyo hilo jengo limepakwa samaki?

— Limepakwa ziwa zima. Ndiyo maana linang'aa kama maji. Limekumbuka kwao.

VAR alicheka mpaka kahawa ikamwagikia goti, lakini hakuyaondoa macho yake mlangoni.

— Hapana. Mimi nimeongea na dereva wao. Kasema kabla ya dawa wanasaga kwanza, na sahani wanazosagia zina almasi.

— Almasi gani?

— Almasi, Ngosha. Zile ulizoenda kuchimba Shinyanga ukarudi na malaria.

Ngosha akakaa taratibu.

— Yaani nimepiga sululu ujana wangu wote sijaona punje, akasema, kumbe ziko chini ya mashine, zinasugua mahali pa kupita miguu?

— Unga wake.

— Hata unga! Mama Bernadeta, niongezee. Nimeumia.

— Na wakimaliza, akaendelea VAR, taa za ndani hazitawashwa tena. Mchana jua litaingia mlangoni, litadunda chini, litapanda ghorofani. Na ndege za kutua Mwanza itabidi ziambiwe. Rubani ataona weupe, atadhani ni ziwa, atasogea kulia.

— Atatua Butimba, akasema Bernadeta.

— Atatua kwenye kahawa yako.

— Wewe Gramu, Ramesh akaniambia kwa upole. Wewe ndiye mwenye kemia. Hiyo dawa ni nini?

Sikutaka kujibu. Lakini swali lilikuwa la kweli, na mtu aliyefundisha maisha yake yote hawezi kuliacha swali la kweli likae peke yake.

— Marumaru ni ndugu ya chokaa, nikasema. Dawa ile ina ukali wa ndimu, umepimwa. Ikikutana na chokaa ya jiwe, na stiliwaya ikaipasha moto, sehemu ya juu ya jiwe hubadilika. Inakuwa ngozi mpya, ngumu kuliko ile ya zamani, na mwanga unarudi badala ya kuzama.

— Kwa hiyo ni kama rangi.

— Si rangi. Rangi inakuja kutoka nje, ikichoka inabanduka. Hii haibanduki. Kinachong'aa ni jiwe lenyewe.

— Kumbe jiwe linakomaa, akasema VAR.

Neno hilo likatua katikati yetu. Siku ya msiba, nilipokuwa nimekaa kwenye mkeka nyumbani, huyu VAR alinishika mkono akaniambia, "Komaa, Mwalimu." Ngosha naye aliniambia komaa. Walikuja vijana nisiowajua, wote wakaniambia komaa, kila mmoja kwa nia njema, na mimi niliitikia kila mmoja. VAR alikumbuka muda uleule niliokumbuka mimi. Akainamia kikombe chake.

— Ndiyo, nikasema. Linakomaa. Lakini halianzi na dawa. Linaanza kwa kusagwa. Kwa ajili ya kila mkwaruzo na kila mahali palipolika, jiwe lote linashushwa mpaka lilingane na pale palipozama zaidi. Dawa inapakwa juu ya jiwe lililokwisha pungua.

Ngosha akaja na nadharia yake kubwa kuliko zote.

— Mimi nadhani jiwe linatunza watu. Jamani, nisikilizeni. Simu inatunza picha, na simu imetengenezwa kwa mawe. Mtu akipita juu ya malumalu, jiwe linampiga picha kwa chini. Kila mgonjwa, kila mtoto wa chanjo. Wamejaa humo. Sasa huyo mnayemuona ananing'inia chini ya fundi, nani kawaambia ni fundi? Labda ni mtu wa zamani, kafunguliwa dirisha.

— Ngosha, akasema Bernadeta.

— Nini?

— Kunywa kahawa.

Ngosha akanitazama, akaelewa alichokisema, akanywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja ingawa ilikuwa ya moto.

Hapo mashine ikanyamaza. Nikasikia viatu vizito vikivuka barabara, na mwanamke akatokea pembeni mwa benchi langu. Alivaa ovaroli ya buluu iliyogeuka nyeupe kwa vumbi la jiwe. Nyusi zake pia zilikuwa nyeupe, kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, akasema Bernadeta. Unaitwa nani?

— Modesta. Naomba kahawa, mama, kama imebaki.

Bernadeta akaliinamisha birika mpaka likaonyesha kitako. Kikombe kilijaa nusu, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

— Mnafanya maajabu, dada, akasema VAR. Sisi hapa hatujafanya kazi leo.

— Leo tu? akauliza Bernadeta.

Modesta akacheka, akaketi kando yangu, kwa kuwa nafasi ilikuwa kwangu tu. Akanywa kidogo.

— Ni jiwe zuri, akasema. Limetupokea vizuri kote. Pamebaki nyuma ya kaunta ya mapokezi, hapo tutapasaga na kupamalizia kesho asubuhi. Halafu naomba kuwauliza wazee, nyie mnakaa hapa kila siku. Pale nyuma ya kaunta pana mabonde mawili. Si ya mashine wala ya kiti. Ni nyayo. Mbili, zimekaa sambamba, zimezama kidogo, ukipitisha kiganja unazisikia. Nimefanya kazi hii Dodoma, nimefanya Arusha, kwenye ngazi nimeona jiwe limelika, lakini mtu mmoja kusimama mpaka likalika hivyo sijaona.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Nani alikuwa anasimama pale?

VAR alitazama barabara. Ramesh alikuwa ameshika miwani, hakuivaa wala hakuifuta. Bernadeta alishika birika tupu kana kwamba bado kuna cha kumimina. Jibu lilikuwa langu. Kiti Kokulinda alipewa. Alikisukuma pembeni akawa anawekea mafaili. "Mgonjwa ananijia amesimama, mimi nimjibu nimekaa?" Jioni nilimkanda miguu kwa maji ya chumvi, naye akanilaumu kwamba maji ni baridi.

Nikainua mguu mmoja, nikauvusha juu ya benchi, nikauvusha na wa pili. Nikageuka.

Wenzangu hawakuwa wametia chumvi kwenye maneno yao. Sakafu ilikuwa imelala ndani ya mlango kama maji yasiyo na upepo, na mishipa ya kijivu ilikimbia ndani yake hadi ukutani. Wingu lililokuwa juu ya paa la Bernadeta lilikuwa pia kule ndani, chini. Katika mng'ao wote ule palibaki sehemu moja iliyofifia, nyuma ya kaunta.

Modesta alinitazama kwa pembeni, nadhani, muda mrefu. Kisha nikasikia akiweka kikombe chini, polepole, na hakuuliza tena.

Kesho yake asubuhi, kabla ya misa, nilivuka barabara. Modesta alikuwa amesimama kwenye utepe, mashine imezimwa. Aliuinua utepe nikapita. Nilivua viatu na kutembea kwa soksi juu ya jiwe lililokomaa. Lilikuwa baridi na gumu, na mtu mzee alitembea chini yangu akiwa ameshika viatu vyake.

Nyuma ya kaunta nikavua na soksi. Nikasimama kwenye mabonde yale. Nyayo zangu zilizidi zake mbele na nyuma, lakini visigino vilipata mahali.

— Likishakomaa, nikamuuliza, linaweza kulika tena?

— Mtu akisimama pale pale, litalika, akasema. Itachukua miaka. Ni jiwe, si chuma.

Nikainua macho. Miaka yote nilimtazama Kokulinda kutoka kule. Sikuwahi kuona alichokuwa anakiona yeye. Kupitia kioo niliona barabara, kisha jiko la Bernadeta likianza kufuka, kisha benchi. Mahali pangu pa zamani palikuwa katikati kabisa ya mlango, kana kwamba mlango ulipimwa kwa ajili yake.

Nikainua vidole viwili.

Bernadeta alisimama bila kujongea, kipepeo cha mkaa mkononi. Kisha akafunua sinia, akachana karatasi, akafunga kashata mbili.

Nikatoka kwenye mabonde, nikavaa soksi na viatu.

— Anza, nikamwambia Modesta.

Nilipokuwa katikati ya barabara, nikiziendea kashata, mashine iliwaka nyuma yangu.