Shangazi Afunga Kaunta ya Mvinyo

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi miwili katika idara ya forodha, ishirini na sita kati yake kwenye kaunta moja ya abiria wanaorudi na mvinyo kutoka ng'ambo, mwenzetu tunayemwita Shangazi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Nimepewa ukurasa mmoja wa kumweleza katika sherehe hii ya kumuaga. Hata ningepewa ishirini zisingetosha, ila nitajibana.

Alianzia bohari ya mizigo akihesabu matairi. Alihamishiwa ukumbi wa abiria pale msimamizi wake alipogundua kwamba watu humwambia mambo bila kuulizwa. Hiyo ndiyo siri yake ya kazi, na leo naitoboa kwa kuwa hawezi tena kunipangia zamu mbaya. Sisi wengine tulimuuliza abiria, kwa sauti nzito ya serikali, kama ana kitu cha kulipia ushuru, naye akakana mpaka jasho likamtoka. Shangazi alitabasamu tu na kumuuliza amewaletea nini nyumbani. Basi! Abiria huyo akaanza kujigamba: mbili za baba mkwe, moja ya bosi, tatu za shemeji aliyebaki na watoto. Akifika mwisho, Shangazi ameshajumlisha. Chupa ya kwanza hupita bure na zinazozidi hulipiwa, na kwa kuwa sheria haikusema ya kwanza ni ipi, yeye alimchagulia mtu ile ya bei mbaya kuliko zote. Watu walilipa na bado wakamshukuru.

Hatujamsahau mwalimu wa kwaya aliyevaa koti la baridi mchana wa joto kali, kila mkono wa koti una chupa, akashindwa kukunja kiwiko ili atoe pasipoti. Shangazi alimvua koti polepole, akimpa pole ya safari. Wala hatujasahau siku yeye mwenyewe alipoteleza. Alimlipisha bibi mmoja ushuru wa chupa mbili zenye maandishi ya kigeni, akashikilia kwamba ni mvinyo ingawa bibi wa watu aliapa kwa miungu yote. Jioni mpishi wa kantini akaiona picha ya ile lebo kwenye faili, akaitambua: siki. Siki ya kachumbari! Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Shangazi alijaza fomu ya marejesho, na siku yake ya mapumziko akapanda mabasi mawili kumpelekea bibi pesa zake na kumwomba radhi. Alirudi na chupa ya siki aliyozawadiwa, akaiandikisha kwenye daftari la zawadi za watumishi.

Lakini msimamo una gharama yake, na gharama hiyo naijua kwa sababu nilikuwepo. Miaka minne iliyopita dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alirudi safari na chupa saba za harusi ya binti yake. Alikuja kaunta yangu. Akanieleza yeye ni nani kwa Shangazi, nami, nakiri hadharani, nilishainua mkono kumruhusu apite. Shangazi akainuka kutoka kaunta ya pili. "Mlipishe kama wengine," akaniambia kwa upole. Dada mtu akakataa, akaziacha chupa zote mezani, akaondoka bila kugeuka. Muda wa kuzikomboa ulipokwisha zikamwagwa kwenye sinki, moja moja, mbele ya shahidi kama utaratibu unavyotaka. Shahidi wa zamu hiyo alikuwa Shangazi.

Tangu hapo wakawa hawasemeshani. Shangazi mwenyewe alitusimulia, akijichekesha, jinsi dada alivyotuma salamu wakiwa meza moja: mwambieni afisa forodha asogeze chumvi. Sote tulicheka. Ila barua ya kustaafu ilipofika mwaka huu, alinivuta kando ya mashine ya kukagulia mizigo. "Kazi naiacha," akasema, "na dada nilishampoteza. Sasa nyumbani naenda kukaa na nani?" Nilimpa kitambaa, akafuta macho.

Ikafika Jumanne, zamu yake ya mwisho. Ndege ya mchana ilitua, abiria wakamiminika kwenye njia ya kijani, ya wasio na cha kulipia. Dada mtu akatokea na toroli. Akaitazama njia ya kijani, akaitazama nyekundu, kisha akaligeuza toroli. Gurudumu moja likagoma, akalisukuma kwa goti mpaka kwangu. Akapanga chupa nane.

"Moja bure, saba nalipa," akasema, ukumbi mzima ukasikia. "Na uiandike vizuri risiti, mwanangu. Hizi ni za sherehe ya mdogo wangu."

Kisha akageukia kaunta ya pili. "Na wewe, umekaa tu? Njoo unipokee mzigo, mkono unauma."

Shangazi alitoka mbio, akajikwaa kwenye kamba ya foleni, akamdaka dada yake, na wote wawili wakaangukia mizani ya mizigo. Wakakaa hapohapo wakilia na kucheka, huku mizani ikionyesha kilo zao kwa namba kubwa nyekundu na foleni ikipiga makofi. Namba yenyewe sitaitaja, nimeshaonywa.

Shangazi, asante kwa kutufundisha kwamba mtu anaweza kukataa upendeleo na bado akapendwa. Utatukosa, nasi tutakukosa zaidi. Mvinyo ulio mezani leo umelipiwa mpaka senti ya mwisho, na risiti iko kwenye mkoba wa dada mtu. Usiiombe uikague. Afya njema, usingizi mnono, na siku ndefu zisizo na zamu. Kiti kilicho kando ya dada ni chako. Kaa, mna maneno ya miaka minne ya kumaliza.