Majarida Membamba Yasiende kwa Wauza Njugu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Maktaba za Vyuo, na meza kuu yote: mulembe, karibu Kakamega. Mvua ya saa tisa haijafika, kwa hiyo tutasoma upesi.

TULIKOTOKA

Sisi ni wanafunzi na walimu wa sayansi ya jamii. Mwaka jana, 1995, ofisi yako ilituuliza majarida yapi yapunguzwe. Tukaketi kuhesabu makala, tukajiona mabingwa. Karibu nusu ya makala tunazosoma zilijaa katika majarida machache manene. Zilizobaki zilitawanyika, moja huku, moja kule, katika majarida membamba chungu nzima. Tukapendekeza membamba yatupwe, na makofi tukajipigia.

MAFANIKIO

Rafu sasa zinapumua. Furushi la kwanza liliuzwa sokoni kama karatasi kuukuu.

CHANGAMOTO

Mwenzetu Khalayi, wa Musanda, anaandika tasnifu juu ya wajane wa wakulima wa miwa. Alipekua manene yote: miji imo, vyama vya siasa vimo, nadharia ndiyo usiseme. Mjane wa miwa hayumo. Akakata tamaa, akaenda zake soko la Mayoni kununua njugu, na Sellah muuzaji akamfungia kwa karatasi. Khalayi akaitupia jicho, njugu zikamwagika. Ilikuwa kesi ya mjane na mkataba wa miwa, kutoka jarida jembamba la sheria za ardhi tulilolitupa sisi wenyewe. Chini iliandikwa kwamba hukumu itaelezwa katika toleo linalofuata.

Tuliona aibu, mgeni rasmi. Kwetu hata ukichinjiwa kuku mzima, usipoiona firigisi utasema hukukaribishwa. Sisi tulikuwa tumeitupa firigisi tukabaki na mapaja.

MAOMBI

Toleo hilo la hukumu limo katika mafurushi yaliyobaki stoo, nyuma ya kufuli la ofisi yako, na lori la mnunuzi linakuja kesho. Hatuombi majarida mapya wala rangi ya ukuta. Tunaomba lori lirudi tupu, na mlango ufunguliwe leo.

Mama yake Khalayi ni mjane. Miwa yake bado imeandikwa jina la marehemu, na shemeji zake wameanza kuipima kwa macho. Kila Khalayi akifika nyumbani, mama humuuliza, "Hiyo karatasi inasemanga mjane anaweza kuandikwa miwa kwa jina yake?"

Khalayi humjibu, "Bado sijafika hapo, Mama."

Mungu akufikishe salama kwako, na wa kwako uwakute wazima.

Ni sisi, Wasomaji wa Sayansi ya Jamii, Kakamega.