Bwana Ngoja-Mzigo, Fundi wa Taa za Wakunga

Kaka yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mama muuza maziwa. Mungu alimjalia mikono isiyotulia. Redio ya baba aliifungua akiwa na miaka tisa, na mpaka baba anafariki ilikuwa inapokea stesheni moja tu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1979, akasomea umeme chuo cha ufundi hadi 1983. Alitengeneza redio za watu miaka mingi. Mwaka 1998 alifungua karakana yake chumba cha uani, akiunda taa za kuchaji ambazo wakunga huzitumia umeme ukikatika.

Mwaka wa pili alikosea. Oda ilikuwa kubwa, akafungua pakiti ya mwisho ya vidhibiti chaji, vile vidude vinavyozuia betri isiungue, akiamini mzigo mpya uko njiani. Ukachelewa miezi minne. Meza zilijaa taa zilizokosa kidude kimoja tu, na zilizorudi kutengenezwa hazikuwa na cha kuwekwa. Muuzaji mmoja alimletea vya kufanana. Alivijaribu, betri ikafura, akavirudisha. Tangu hapo ikawa sheria: pakiti ya mwisho haifunguliwi mpaka mpya iingie mlangoni. Mafundi wakamwita Bwana Ngoja-Mzigo.

Alikuwa amefunga ndoa tarehe 7 Julai 1990. Sheria ile aliileta hadi nyumbani, na wifi yetu akawa anawaambia wageni kwamba humu ndani haogi mtu mpaka sabuni ipate mwenzake. Marehemu alicheka, sabuni ikabaki kabatini.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2023. Mwezi uliopita ilibaki pakiti moja ya vidhibiti, na wakunga wanasubiri taa mpya. Fundi mkuu alimfuata hospitalini kuomba ruhusa ya kuifungua. Marehemu alimshika mkono, akasema kwa taabu, "Mwanangu, taa zilizokwisha kutoka zikiharibika, utazitengeneza na nini? Ngoja mzigo."

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, mke wake akimwombea.

Jana mzigo ulifika. Fundi mkuu alikuja nao hapa msibani pamoja na ile pakiti ya zamani, akaviweka mbele ya wifi yetu. Wifi aliushika mzigo mpya.

"Umeingia mlangoni," akasema. "Sasa ile ya zamani fungueni."

Ameacha mke, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu wanne, dada wawili, na mafundi sita aliowaita wanangu. Mungu wa rehema ampe pumziko la amani kaka yetu, aliyejua kungoja.